Mwaka Nilipopewa Kitenzi

Tangu tumzike mama, simu yangu haijapumzika. Watu wana vidole vyepesi siku hizi, yawa! Mmoja ananitumia viganja viwili vya manjano vinavyoomba, mwingine ananitumia mshumaa unaowaka bila kuisha, na wengi wameandika condolences, basi, neno moja, tena kuna aliyelikata katikati kana kwamba linauzwa kwa kilo. Binti yangu alikuwa jikoni nami juzi, mimi nachambua dagaa wa omena, yeye ananisomea. "Huyu nimjibu nini?" "Mwambie asante." "Na huyu?" "Asante." "Huyu amekosea jina la nyanya." "Huyo mwache alivyo." Kisha, sijui kilichonipata, nikamwambia kwamba neno hilo lina kitenzi chake, na kwamba kitenzi hicho kiliwahi kuwa changu mwaka mzima. Alicheka. Akasema hajawahi kumsikia mtu akikitumia, shuleni wala kazini. Nikamwambia hatasikia, maana ni kazi ngumu. Alidhani natania, akaendelea kusoma. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshasimama ndani ya sinia, na nilikuwa nimeshafika mtaa wetu wa Nyalenda, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa kidato cha tatu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Madam Rose, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Muhula wa kwanza ulipoanza aliingia darasani na kopo tupu la mafuta ya kupikia, ndani yake karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi ilikuwa na kitenzi ambacho hatukuwahi kukutana nacho. Uliinua kimoja, kikawa chako. Ungebaki nacho mpaka siku utakaposimama mbele ya wenzako ukakitumia kueleza jambo uliloliona kwa macho yako mwenyewe. "Sentensi za kamusi sitaki," alisema. "Kamusi haijawahi kuishi Nyalenda. Kamusi haijawahi kupanga foleni ya maji." Rafiki yangu Beryl alipata abscond, na hakumaliza hata wiki, bawabu wa shule alitoroka na redio ya mwalimu mkuu, Beryl akasimama, akasema sentensi yake, akakaa chini kama malkia. Mimi nilipata condole. Wasichana wakaanza kuniita hivyo hivyo, Condole, kama jina la ubatizo. Nilikwenda kwenye kamusi ya maktaba, ile iliyokuwa imechanika mgongo, nikaona ni kutoa rambirambi. Ah, kumbe rahisi! Nikatunga sentensi ya watu waliokwenda kwa familia ya marehemu. Madam Rose aliisikiliza, akauliza, "Familia gani?" Nikasema, "Yoyote tu, Madam." Akatikisa kichwa. "Yoyote haina matanga, Adhiambo. Kaa chini." Kisha akaeleza darasa zima kwamba zamani, kabla Waingereza hawajalichukua kutoka kwa Walatini, neno hilo lilikuwa na maana ya kuumia pamoja na mtu. Si kusema pole. Kuumia. Akanitazama kidogo, akahamia kwa mwingine.

Alinitazama kwa sababu alijua, na shule nzima ilijua, kwamba baba yangu alikuwa amezikwa Januari ile ile huko kwetu Bondo. Ungedhani basi ningekuwa na mifano tele. Sikuwa nayo. Nilichokiona kwenye matanga ya baba ni watu wakila, watu wakigombania viti, na wajomba na baba wadogo wakizungumza nyuma ya nyumba kuhusu nani atamchukua mama. Walikuwa wameshamchagua mtu, binamu ya baba, mtu mwenye meno makubwa na cheko la haraka. Mama alikataa mbele yao wote. "Mimi nimeokoka," alisema. "Mume wangu ni mmoja na mmemfukia leo." Wakamwambia sawa, kaa na wokovu wako, lakini pia kaa na chola yako.

Nieleze hapa, maana binti yangu mwenyewe hajui vizuri. Chola ni ile hali ya mjane ambaye hajakamilishiwa mila. Kwetu, mjane aliye ndani ya chola haingii nyumba ya mtu mwingine. Hasalimii kwa mkono. Akikanyaga ndani ya nyumba ya mwenzake, kifo alichonacho kinabaki humo, na mara nyingi, walisema wazee, kinaanza na watoto. Na kukamilisha mila kulihitaji mwanamume wa kulala naye, ndiyo maana wale wazee hawakuwa na haraka, walijua atachoka. Mama aliyeokoka, aliyeimba kwaya na kuzipigia kelele ramli za majirani, hili moja lilimshinda kulitupa. Alisema Mungu anamjua, ila hawezi kufanya majaribio na mtoto wa mtu. Hata kanisani alikaa nje, dirishani, akiimba sauti ya pili kutoka kwenye majani.

Tulirudi mjini kwa sababu ya karo na kwa sababu Bondo hapakuwa na cha kuuza. Chumba tulichopanga upya Nyalenda kilikuwa kimoja katika plot, safu ya vyumba vya udongo vya mwenye nyumba mmoja, na ukuta uliotutenga na jirani haukufika juu. Ulikomea pale mtu mrefu angeweza kuegemeza kiwiko, halafu ni hewa tu mpaka mabati. Kwa hiyo tulijua kila kitu cha kwao na wao walijua kila kitu cha kwetu. Jirani huyo alikuwa Mama Simiyu, Mluhya kutoka upande wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, mumewe akikata miwa Muhoroni na kuja mwisho wa mwezi. Alikuwa na mvulana wa miaka minne, Simiyu, na mtoto mchanga wa kike, Naliaka. Yeye na mama walikuwa washirika wa karai. Alfajiri Mama Simiyu alikwenda kwenye lango la kiwanda cha samaki kununua mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki baada ya minofu kupelekwa ng'ambo, na mama aliyakaanga mbele ya vyumba vyetu. Mjaluo na Mluhya, walisemeshana kwa Kiswahili chao cha kubomoabomoa, na sijasikia tena Kiswahili kitamu kama kile. "Mama Adhiambo, hii kichwa umechoma kama ya adui!" "Si wewe umeleta samaki ya kunenepa kama mwenyewe?" Jioni walikula ugali pamoja, Mama Simiyu akiwa kwenye kizingiti chake na mama kwenye kigoda nje, sahani katikati, kila mmoja akinyoosha mkono. Ilikuwa hivyo kwa miezi kadhaa. Mama hakuingia kwake hata mara moja, na Mama Simiyu hakumlazimisha.

Simiyu ndiye aliyekuwa akipita kati ya nyumba hizo mbili. Alikuwa na mpira wa karatasi za plastiki uliofungwa kamba, na alipenda kuurusha juu ya ukuta utue kitandani kwangu nikiwa nasoma, kisha aje mbio kuufuata huku amekasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyeuiba. Alimwita mama "Mama Karai". Mama alimwekea kila siku kipande cha shingo ya samaki, sehemu yenye nyama, na ole wake mteja aliyekinyooshea kidole.

Homa ilimpanda Simiyu muhula wa pili, katikati ya juma, nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta karai limeondolewa motoni na mafuta yamepoa. Walikuwa wamempeleka hospitali, na walipomrudisha alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefunikwa leso mpaka kichwani. Nilidhani amelala. Mama alikuwa amesimama mlangoni petu, na alijua kabla ya mtu kusema chochote, maana hatembei hivyo mtu aliyembeba mtoto aliyelala. Mama Simiyu alipita mbele yake, akaingia kwake, na ndipo kilio kikatoka. Wanawake wa plot wakaacha walichokuwa wakifanya wakaingia. Mama alikwenda mpaka kwenye kile kizingiti. Akasimama. Vidole vyake vya miguu vilikuwa pale pale udongo wa nje unapokutana na saruji ya ndani.

"Ingia," Mama Simiyu alisema kutoka ndani. Naliaka alikuwa pajani mwake, anavuta kola ya nguo yake.

"Siwezi, mama."

"Mimi si Mjaluo. Hiyo mila yako hainijui. Ingia."

"Mauti hayaulizi kabila," mama alisema. "Umebaki na huyo mmoja. Nikimletea kitu, nitakuangaliaje?"

"Nimekwambia ingia! Mama Adhiambo! Mtoto wangu amekufa na wewe umesimama mlangoni kama mpangaji mwenzangu tu!"

Sote tulisikia. Mama alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wetu. Akanifunga leso yake kiunoni, akanisukuma. "Nenda wewe. Wewe hauna kitu. Kalie kwa niaba yangu." Nikaenda. Nilikaa katikati ya wanawake, magoti yangu yakigusana na ya Mama Simiyu, na sikuweza kulia. Si kwamba sikuhuzunika. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa apige chafya. Nilishika mkono wake. Nikasema pole. Aliniuliza, "Mama yako yuko wapi?" nikasema yuko nje. "Nje kuna nini?" akauliza. Mwanamke mmoja akanong'ona, si kwa chini sana, kwamba Wajaluo wana mila nyingi wakati wa shida na hawana hata moja wakati wa samaki. Mwingine akasema pengine kulikuwa na kinyongo kwenye ile biashara. Na juu ya ukuta usiofika juu, kutoka chumbani kwetu, hakukuja sauti hata ya kukohoa. Mama alikuwa amejifungia humo na leso nyingine mdomoni, kwa sababu aliogopa kilio chake kikivuka ukuta kitakuwa ni yeye ameingia.

Walimpeleka Simiyu Bungoma kuzikwa siku iliyofuata kwa pikapu ya kukodi. Mama alisimama kando ya karai lake baridi mpaka lile gari lilipopinda kona.

Nilikwenda shuleni na sentensi yangu. Nilisimama, nikasema kwa Kiingereza kizuri kwamba nilikwenda ku-condole na jirani yetu aliyefiwa na mwanawe. Madam Rose aliuliza polepole, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya kamwe katika somo lake, "Ulifanya nini hasa, Adhiambo?" Nikasema nilimshika mkono, nikampa pole. "Basi ulimpa pole," alisema. "Ni jambo jema. Lina neno lake, si hilo." Nilimchukia siku hiyo. Sasa nimefundisha watoto wa watu mpaka nakaribia kustaafu, na bado nadhani angeweza kunipa alama yangu akaniacha nikae. Lakini uongo hakusema.

Mama Simiyu alirudi baada ya wiki kadhaa, na kilichorudi naye ni kimya. Alianza kuuza peke yake, ng'ambo ya barabara, kwa karai la kuazima. Watu hawakujua wamwite nani. Mama Simiyu lilikuwa jina la kumwita mtu aliyekuwa na Simiyu. Mwenye plot alijaribu Mama Naliaka, yeye akaitika kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kwa jina la mwenzake. Mumewe alikuja kutoka Muhoroni mara moja, akamkuta hazungumzi, akarudi kwenye miwa yake. Upande wetu tulianza kuishi kwa kunong'ona. Mama alikuwa akipika, akikata ile shingo ya samaki, akiitazama, akinipa mimi. Sikuweza kuila mbele yake. Alikuwa mjane tangu Januari, lakini naapa sikuwahi kumwona akiwa mpweke mpaka miezi ile, anakaanga na macho yake yako ng'ambo ya barabara, na yule mwingine anakaanga na macho yake yako kwenye mafuta. Jambo lililonishangaza ni kwamba Mama Simiyu hakulia tena. Ukuta ule ungetuambia. Nilikuwa nalala sikio langu likiwa upande wake, na sikusikia kitu, isipokuwa Naliaka.

Muhula wa pili ukaisha, Madam Rose akahamishwa, akaondoka na kopo lake, mimi nikiwa mmoja wa wasichana wachache waliobaki na vitenzi vyao. Ikawa likizo ya Agosti. Asubuhi moja mama aliosha karai akaliinamisha ukutani, akafunga nguo zake mbili kwenye leso. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Bondo. Nikamalize."

Nilielewa mara moja, na damu ilinipanda. "Yule mtu? Si ulisema hapana? Si ulisema umeokoka?"

"Nilisema."

"Sasa nini kimebadilika?"

Alikaza fundo. "Huyu mama hajalia tangu arudi, Adhiambo. Si unasikia? Hata wewe unasikia. Amemeza kile kitu na kitamuua, na mimi niko hapa upande wa pili na wokovu wangu."

"Lakini Mama—"

"Nilikataa kwa ajili yangu. Naenda kwa ajili yake. Chunga nyumba."

Alikwenda, akalala na yule mtu aliyekuwa amemkataa mbele ya watu wote, kwa ajili ya mila tu, kisha akamwacha huko huko na cheko lake. Nasema wazi kwa sababu sipendi namna tunavyozungumzia mambo haya kwa kuzunguka, kana kwamba yaliwapata wanawake wengine wa zamani sana. Yalimpata mama yangu, mwimbaji wa sauti ya pili. Nimekuwa mzee wa kanisa mimi mwenyewe, nimesimama kwenye semina nikapinga mila ile kwa nguvu zangu zote, na ningeipinga tena kesho. Nina hasira na wale wazee mpaka leo, na wote wamekufa, kwa hiyo hasira yangu haina pa kwenda. Na pia najua kwamba sijawahi kumfanyia mtu yeyote, hata mume wangu, hata watoto wangu, kitu kikubwa kama kile mama alichomfanyia jirani. Mambo hayo mawili hayapatani ndani yangu. Wiki tatu hizi tangu tumzike nimejaribu kuyapatanisha, nimeshindwa.

Alirudi siku ya Jumamosi, asubuhi, kichwa kimenyolewa chini ya leso, mdogo kuliko alivyoondoka. Nilikuwa nafua nje. Hakunisalimia. Aliweka kifurushi chake chini karibu na beseni langu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jirani. Mama Simiyu alikuwa ndani anachagua maharagwe.

"Hodi."

Maharagwe yakaacha kugonga sinia. "Nani?"

"Ni mimi."

Nikasimama, mikono yangu inachuruzika maji. "Siku ile mlango ulikuwa wazi," Mama Simiyu alisema.

"Najua. Nilikuwa sijaweza."

"Na sasa?"

Mama alivua leso ya kichwani, akamwonyesha kichwa kilichonyolewa, alama ya mjane aliyemaliza mila. Nadhani Mama Simiyu alielewa yote hapo. Alikuwa ameishi na Wajaluo vya kutosha, na kupitia ule ukuta alikuwa amesikia jina la yule mtu likikataliwa mara nyingi. Aliweka sinia chini. "Karibu basi," alisema, kwa sauti ndogo sana. Mama akavua viatu, akavuka kile kizingiti. Alisimama katikati ya chumba ambacho alikuwa amekisikia kila siku na hakuwahi kukiona, akauliza, "Alikuwa analala wapi?" Mama Simiyu akaonyesha kona, palipokuwa sasa na debe la unga. Mama akalisogeza debe, akaketi pale pale chini, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani, na akapiga nduru.

Sijasikia kilio kama kile tena, wala kwenye matanga ya baba hakukitoa. Alimwita Simiyu kwa jina. Alimuuliza nani anamkatia shingo ya samaki huko aliko. Alimuuliza mbona alipita mbele ya Mama Karai bila kusalimia, amefunikwa, kama mtu asiyemjua. Alimsifu miguu yake ya mbio na hasira zake. Na Mama Simiyu, aliyekuwa amesimama akimtazama kwa mshangao, akaanguka karibu naye, na kile alichokuwa amekimeza tangu Bungoma kikamtoka kwa sauti ambayo sikujua mwili wa mtu unayo. Walishikana. Walilia kwa lugha mbili, kila mmoja kwa ya kwao, na kwa mara ya kwanza hawakuhitaji Kiswahili.

Plot nzima ikaja mbio. Wanawake waliangusha mitungi kwenye bomba la maji, mwenye plot akatoka na povu la sabuni kwenye kidevu, na wa ng'ambo ya barabara wakavuka bila kutazama. Nilikuwa mlangoni, wakanishika mabega, wakanitikisa. "Nani? Ni nani amekufa? Ni mtoto? Ni yule mdogo?" Naliaka alikuwa miguuni pangu, mzima, analamba harage. Ndipo Mama Simiyu akainua uso wake kutoka kwenye bega la mama, umelowa wote, akawatazama watu wale kana kwamba wao ndio waliochelewa.

"Hakuna mwingine," alisema. "Ni yule yule. Ni Simiyu."

Wakaangaliana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakavua viatu, wakaingia.